Kumfundisha mtoto nyumbani badala ya shule: faida zake ni zipi, na mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani) inakuwaje? (Dodoma)

Mama Ilazo
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa wanaoijua elimu kwa undani. Tupo Dodoma, Ilazo. Watoto wawili: wa miaka 9 yupo darasa la tatu shule ya serikali, wa miaka 6 anatakiwa kuanza la kwanza Januari. Nina stashahada ya ualimu na niko nyumbani muda wote. Kumfundishia mtoto nyumbani kuna faida gani hasa kuliko shule? Sheria inaruhusu? Mitihani atafanyia wapi? Na siku inapangwaje? Wale wa "mpeleke tu kama wenzio" wapite kimya kimya, asanteni.

Msoma Waraka
Dada, faida wataeleza wengine. Mimi nianze na sheria na mitihani, maana hapo ndipo mipango mizuri hufia.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikisha miaka 7 na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Kutofanya hivyo ni kosa la kupelekwa mahakamani. Shule inayotajwa ni iliyosajiliwa, na sebule haisajiliki hata ukiwa na stashahada tatu. Ukimtoa mtoto moja kwa moja, usishangae mtendaji wa mtaa na afisa elimu kata wakibisha hodi.

Pili, namba ya PReM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi. Kila mwanafunzi wa msingi ana namba hiyo, anaipata kupitia shule. Ndiyo inayotumika kumsajili upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza msingi, na ndiyo inayomfuata akihama. Sekondari kuna watahiniwa wa kujitegemea. Msingi mtoto husajiliwa na shule yake. Bila matokeo ya msingi TAMISEMI haimpangii kidato cha kwanza, na hata shule binafsi itakwama kumsajili upimaji wa kidato cha pili. Kwa hiyo kosa la darasa la tatu halionekani leo. Linaonekana baada ya miaka kama mitatu, wakati wenzake wanaangalia walikopangiwa.

Tatu, hili wengi hulisahau: mtihani wa kumaliza msingi unatungwa kwa lugha ya shule aliyosajiliwa. Ukimfundisha hisabati kwa Kiingereza huku jina lake liko shule ya Kiswahili, atakutana na "kigawe kidogo cha shirika" siku ya mtihani kama anasoma barua ya mtu mwingine.

Mtaala nao umebadilika kuanzia Januari 2024. Msingi unashuka kutoka miaka 7 hadi 6, na mwaka 2027 kundi la kwanza la darasa la sita litamaliza pamoja na la saba la mtaala wa zamani. Vitabu ulivyoachiwa na jirani vikague kabla hujavitumia. Vya sasa vipo maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unasoma bure.

Ushauri wangu: jina libaki shule ya karibu na mtoto ahudhurie, ila ufundishaji wa kweli ufanyike kwako. Najua sivyo ulivyouliza.

Hesabu Kwanza
Msoma Waraka yuko sahihi kwenye sheria. Lakini mleta mada aliuliza faida, na faida ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Chukua darasa la watoto 80, kipindi cha dakika 40. Hata mwalimu asiposema neno kwa darasa zima, kila mtoto anaangukiwa na nusu dakika. Hakuna uzembe hapo, ni mgawanyo tu. Nyumbani dakika 20 za mtu na mtoto wake ni nyingi kuliko anazopata kwa wiki kadhaa katika somo moja.

Na kinachopatikana ndani ya hizo dakika 20 ni kuona kosa linapozaliwa. Mpe mtoto 52 − 17. Akiandika 45, darasani anapata mkasi na maisha yanaendelea. Ukikaa naye utaona kilichotokea: kwenye mamoja ameona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa akapata 5, kisha 5 − 1 akapata 4. Hajakosea kutoa, amejitungia kanuni yake, na ataitumia kila mahali mpaka mtu aione. Dawa yake vijiti. Funga vijiti kumi kumi kwa mpira, mafungu 5 na viwili pembeni. Mwambie atoe 17. Vijiti viwili havitoshi kutoa 7, kwa hiyo afungue fungu moja mwenyewe, avihesabu 12, atoe 7 vibaki 5. Mafungu yamebaki 4, atoe 1, yabaki 3. Jibu ni 35. Usimfungulie wewe. Arudie na namba nyingine kama sita hivi kabla hujaruhusu kalamu, na yenye sifuri, mfano 60 − 24, ije mwishoni kwa sababu ndiyo inayowaangusha.

Kusoma nako ni hivyo hivyo. Huyo wa miaka 6 aanze irabu, kisha silabi za konsonanti moja (ma, me, mi, mo, mu), na mara tu akijua konsonanti tatu aanze kusoma maneno: mama, meza, moto. Kosa la wengi ni kumkaririsha "ba be bi bo bu" kama wimbo. Anaimba bila kuangalia herufi. Mjaribu kwa kuzichanganya: bo, ma, bi, mu. Akikwama, alikuwa anaimba. Herufi mwambatano (mb, nd, ny, sh, kw) zifuate baadaye, na ng na ng' zitenganishwe kwa wiki nzima, maana "ngoma" na "ng'ombe" huwachanganya hata wa darasa la nne. Kupima: habari fupi ambayo hajawahi kuiona, saa mkononi, hesabu maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja. Mwisho wa la pili lenga 50, kisha muulize maswali matatu. Akifika 70 bila kujibu hata moja, bado hasomi.

Veyula Junction
Hayo yote sawa, ila mtoto wa nyumbani atacheza na nani? Maisha ni watu.

Hesabu Kwanza
Veyula, hoja yako ina uzito, nami ndiyo inayonifanya nikubali ile njia ya jina kubaki shule. Ila tofautisha kucheza na kukaa wanne dawati moja. Madrasa, kwaya ya watoto, timu ya mtaa jioni, vyote vinafanya kazi hiyo. Kinachokosekana kweli nyumbani ni kushindana na kushindwa mbele ya wengine.

Bibi Chaki
Mwanangu, hao wamekupa kichwa, mimi nikupe mikono.

Muda. Mtoto wa la kwanza hawezi zaidi ya saa mbili za kufundishwa kwa siku, wa la tatu saa tatu. Hiyo ni iwapo haendi shule. Akitoka shule saa nane, chukua saa moja na nusu tu, baada ya chakula na kupumzika. Vipande vya dakika 25, hesabu ikitangulia akili ikiwa safi, kusoma, kisha kitu cha mikono. Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya kazi ndefu. Mzazi anayeanza na saa sita kwa siku huacha ndani ya mwezi, nao watoto wanaichukia meza.

Ubao. Plaiwudi ni futi 8 kwa 4. Mwambie fundi aikate katikati upate 4 kwa 4. Piga msasa, paka rangi ya ubao mara mbili, mkono wa pili baada ya wa kwanza kukauka kabisa. Kabla ya kuandika, laza chaki ubavu, sugua ubao mzima, kisha ufute. Ukiruka hatua hiyo, maneno ya siku ya kwanza hayafutiki.

Daftari la makosa, moja kwa kila mtoto. Kila alichokosea kinaandikwa upya humo na tarehe, kinarudiwa baada ya siku 3 na baada ya wiki 2. Hilo ndilo linalokuonyesha anaenda au amesimama.

Sayansi na jiografia, Dodoma imekupa maabara. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mwambie mkubwa atengeneze kipima mvua Novemba. Chupa ya maji ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka, ikatwe pale inapoanza kubana, kichwa kigeuzwe kiwe faneli ndani ya mwili. Chini chupa ina mabonde, kwa hiyo weka kokoto na ujaze maji mpaka pale ubavu unaponyooka. Hapo ndipo sifuri, gundisha rula kuanzia hapo. Iwe mahali pa wazi, mbali na ukuta na mti angalau mara mbili ya urefu wake. Asome saa 3 asubuhi kila siku, aandike, kisha maji yarudishwe kwenye sifuri. Hapa mkosaji ni mzazi: anasahau kurudisha sifuri baada ya jua kali kukausha, na kipimo kinakuwa pungufu. Mwisho wa msimu achore grafu ya mihimili na ajumlishe; Dodoma kwa kawaida hupata kati ya milimita 500 na 600.

Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hiyo ni hesabu ya kilo na bei. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, ni somo la Historia ya Tanzania na Maadili ambalo halihitaji kukaririwa.

Mama Ilazo
Nashukuru sana, shikamoo Bibi. Swali moja: wakifika sekondari, wakitaka kusomea nyumbani kabisa? Na mtaala wa Cambridge?

Msoma Waraka
Sekondari mlango upo kwa mtu mwenye sababu ya kutokuwa shuleni. Anafanya Mtihani wa Maarifa, QT, Novemba; akifaulu, mwaka unaofuata anajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ukichelewa unalipa faini. Kabla hajachagua fizikia, kemia au baiolojia, uliza kituo mpango wa mitihani ya vitendo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina ofisi hapa Dodoma, anza kwao.

Cambridge inakubali watahiniwa binafsi wa IGCSE, mtihani wake wa sekondari, na masomo ya sayansi yana karatasi mbadala ya vitendo. Cheti utakipeleka NECTA kufanyiwa ulinganifu. Ada yake inahesabiwa kwa pauni, kwa hiyo piga hesabu ya masomo yote pamoja na nauli ya kituo cha mtihani.

Bibi Chaki
Marahaba mwanangu. Na penseli nunua HB, maswali ya kuchagua ya mtihani wa kumaliza msingi husahihishwa na mashine. Afanye mazoezi ya kusiliba kiduara kizima cha jibu bila kutoka nje kuanzia darasa la tano.