Mzee aliyenifundisha kazi anastaafu mwezi ujao, nimshukuruje bila kuonekana najipendekeza?

Fundi_Koki:
Wakuu heshima kwenu. Mi niko mamlaka moja ya maji huku mikoani, fundi sanifu. Kuna mzee wetu anafikisha 60, mwezi ujao anastaafu. Huyu ndo alienipokea nilivyotoka chuo na diploma yangu, fomula za presha zote ziko kichwani ila spana ya bomba naishika kama mgeni. Akawa ananichukua tunatoka usiku, yeye na fimbo yake ya chuma, ncha moja anaiweka kwenye bomba nyingine sikioni, anasikiliza maji yanavujia wapi. Mwanzoni nikajua ananitania, mpaka akanipa nisikilize mwenyewe na kweli kuna mlio. Usiku watu wamelala, matumizi yameshuka, presha iko juu, kelele za barabarani hamna, kwahiyo palipopasuka panajisema penyewe. Akanambia pia bomba la chuma linapeleka sauti mbali na la plastiki linaimeza, so usikimbilie jembe kisa umesikia mlio. Hayo kwenye noti za chuo sikuyakuta.

Na wala hakuwahi kuwa bosi. Mameneja wamekuja wamehama, yeye yupo tu na buti zake. Sasa ofisini kuna kamati, tunachanga, watampa friji na ngao. Nimetoa changu ila roho haijatulia. Nikimfuata peke yangu wenzangu washaniita "mtoto wa mzee" siku nyingi, na mwenyewe hataki sifa, ukimwambia asante anakujibu "ile chemba umefunika?"

Nyie waliowashika mkono kazini mliwashukuruje? Naomba kuwasilisha.

mtu_kwao:
Bahasha mkuu. Ngao atatundika ukutani halafu? Ugali hauivi kwa ngao.

Nesi_wa_Zamu:
Nimesoma hii nimemkumbuka sista wangu wa wodi ya wazazi. Alikuwa mkali jamani, tulikuwa tunamkimbia. Ila ndo alonifundisha partografu, ile chati ya kufuatilia mama akiwa kwenye uchungu, inajazwa palepale unapopima, sio mwisho wa zamu unakaa mezani unatunga namba zinazofanana. Mapigo ya moyo ya mtoto kila nusu saa, umechoka hujachoka, unaenda unasikiliza unaandika. Anakagua karatasi yako anaangalia hadi rangi ya wino, akiona mistari yote imeandikwa kwa mkono mmoja uliotulia anajua umeijaza kwa mkupuo. Leo nafundisha wanafunzi wa field na najisikia naongea kwa sauti yake kabisa.

Ushauri wangu, wiki ya kumuaga wengi mtakuwepo, mtakula pilau mtapiga picha. Shida inaanza baada ya hapo, simu inanyamaza. Mtu alizoea kuamshwa usiku na kazi, ghafla hakuna anaemtafuta. Mimi sista wangu nampigia kumuuliza mambo ya kazi kabisa, sio salamu tu, na anafurahi kuliko siku niliyompelekea vitenge. Halafu kitu ambacho vijana hamkijui: msaidie makaratasi ya mafao mapema. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja. Wazee wengi wanazo kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda, nusu zimeliwa na mchwa. Jina likipishana herufi moja kati ya barua na kitambulisho atazungushwa mpaka achoke. Kaa nae siku moja mzipange mtoe kopi.

Arap_Mbio:
Niko Eldoret, wacha niwape ya huku kwetu. Mnajua Patrick Sang? Huyo alikuwa mkimbiaji, alishinda silver ya steeplechase, zile mbio za kuruka viunzi na maji, Olimpiki ya Barcelona 1992. Eliud Kipchoge, huyu wa marathon, alikuwa kijana tu wa jirani hapo Nandi, akamwendea kuomba programu ya mazoezi, na mzee akampea ata kabla ajue huyu ni mtoto wa nani. 2003 Paris, mashindano ya dunia, kijana wa miaka 18 anawapiga mastaa El Guerrouj na Bekele kwa mita 5000. Baadaye akashinda Olimpiki mbili za marathon, na ile ya Vienna 2019 alimaliza marathon chini ya masaa mawili, 1:59:40. Na hiyo miaka yote jamaa akihojiwa anamtaja Sang, bila kuulizwa.

Kuna pia Brother Colm wa Iten, Mwairishi, alikuja shule ya St Patrick's 1976 kufundisha jiografia na hakuwa kocha hata kidogo, lakini ndiye alikuja kuwa kocha wa Rudisha, yule bingwa wa mita 800.

Sasa wewe siku ya hiyo party ukipewa maiki usiseme "alikuwa mchapakazi hodari", hiyo husemwa hata kwa wavivu. Sema hiyo story ya fimbo, yote, mbele ya meneja. Wakikuita mtoto wa mzee si ni ukweli?

Spana19:
Mi ntakuwa tofauti kidogo, mnisamehe. Sio kila aliekukuta kazini ni wa kushukuriwa. Gereji niliyoanzia fundi mkuu alikuwa ananioshesha vyuma tu, akifika kwenye kufungua giaboksi ananituma soda dukani ili nisione. Nilijifunza kwa kuchungulia. Baadae nikaenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wakanipima kwa ule utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtaani, nikapata cheti. Leo yule jamaa kila kijiwe anasema amenitengeneza yeye na anataka nimtoe.

Nesi_wa_Zamu:
@Spana19 huyo hakukufundisha, ulimwibia 😂

Spana19:
Kabisa dada. Ila wa mleta mada anaonekana anamwaga ujuzi kweli, kwahiyo mi ningemkamua kabla hajaondoka. Valvu zilizofukiwa, bomba za zamani ambazo ramani yake haipo ofisini, mwambie akutembeze zote uweke alama. Na kwenye hiyo ramani jina lake liandikwe.

Fundi_Koki:
Wakuu nawashukuru, @Spana19 umeniua. Kuna valvu iko chini ya kibanda cha chipsi pale sokoni anaijua yeye peke yake, siku ikileta shida mji mzima tutakauka. Nimemgusia jioni hii, nikajua atakataa. Kanijibu tuanze Jumamosi saa kumi alfajiri, nije na chaki na maji ya kunywa, na "hiyo simu yako uje nayo imejaa chaji". Makaratasi nae kasema yapo kwa mama, ntaenda kuyaangalia.

Swali la mwisho, kuna app ya kuweka alama za GPS isiyotaka bando? Huko tunakopita mtandao ni wa kubahatisha.

Arap_Mbio:
QField. Ni ya bure, unaandaa ramani ukiwa na network halafu unaenda nayo field bila data.

mtu_kwao:
Na hiyo kamati muiambie friji isiwe ya kuwekea soda nne.