Bourbon ya prufu 124.6: naonja moto tu, naipimaje kwa haki?

Kizibo

Wakuu, habari zenu. Kuna jambo linanisumbua na nataka nilimalize kabla ya Jumamosi.

Shemeji yangu amenipa chupa ya bourbon, wiski ya Kimarekani ya mahindi, ya prufu 124.6, yaani asilimia 62.3 ya alkoholi (prufu ni asilimia mara mbili). Haikutiwa maji kabla ya kujazwa. Imeingia chupani na nguvu zake zote za pipani. Ameniomba nimwandikie ninachoonja, bila kumficha kitu, kwa sababu anataka kununua nyingine ya toleo hilohilo na anaiamini pua yangu. Nimezoea wiski za asilimia 40 hadi 45, na huko najua ninachofanya. Hapa nimepotea.

Siku ya kwanza nilimimina mililita 30 kwenye glasi iliyobana mdomoni, nikaizungusha, nikaingiza pua ndani kama ilivyo kawaida yangu. Harufu iliyonijia ni ya rangi ya kucha, na macho yakatoka machozi. Nikapiga fundo moja, ulimi ukafa ganzi, kifua kikawaka kwa dakika nzima. Kwenye daftari nimeandika maneno matatu: "moto, mbao, moto." Siku ya pili nikatia vipande viwili vya barafu. Moto ulipungua, ila na harufu nayo ikaondoka. Nilichobaki nacho ni utamu wa baridi na uchungu wa mbao nyuma ya ulimi.

Je, nikitia maji namharibia kazi aliyeamua kuitoa bila maji? Na nitajuaje kama kasoro ni ya kinywaji au ni ya ulimi wangu? Sitaki kumwambia shemeji "ni kali" halafu basi. Ukali ameshausoma kwenye lebo.

Bi_Matone

Kizibo mdogo wangu, hizo siku mbili zifute kwenye daftari. Ulikuwa unapigana nayo, hukuwa unaionja.

Tuanze na huo moto, maana ukishauelewa hautakutisha tena. Mdomoni kuna neva zinazotambua joto, na hizohizo ndizo zinazowaka ukila pilipili. Kwa kawaida hushtuka kwenye nyuzi 42 hivi za Selsiasi. Alkoholi inakishusha kiwango hicho hadi kwenye nyuzi 34 hivi, na mdomo wako una joto kuliko hapo. Kwa hiyo unachohisi kama moto ni joto la mdomo wako mwenyewe. Fundo la kwanza la bourbon ya namna hii mimi silitolei hukumu kabisa. Nachukua kiasi kidogo, chini ya nusu kijiko cha chai, nakipitisha kwenye ulimi na fizi, natema, halafu nakaa dakika mbili glasi iko mezani. Kalamu naishika kwenye fundo la pili.

Pua nayo ina adabu zake. Mimina, ondoka, rudi baada ya dakika 15. Usizungushe glasi, ukizungusha unauita mvuke wa alkoholi uje wote kwa pamoja. Ishike chini ya kidevu, ipandishe polepole, na pale harufu ya kwanza itakapokufikia usimame hapohapo. Acha mdomo wazi kidogo unaponusa. Ile rangi ya kucha ni etili asetati, imo kwenye wiski nyingi, na ni nyepesi, huwa inatangulia kuondoka. Nusu saa ikipita na bado inakupiga, hapo iandike kama kasoro.

Baada ya hapo jiulize kila harufu imetoka wapi. Bourbon kwa sheria ya Marekani lazima iwe na mahindi angalau asilimia 51, na ilazwe kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani. Pipa jipya linatoa vitu vingi sana: vanila, nazi (inatoka kwenye laktoni, kemikali za mwaloni), karafuu (eugenoli, ileile iliyomo kwenye karafuu zenyewe), sukari iliyoungua kutokana na mbao kupigwa moto. Rai, nafaka inayochanganywa na mahindi, inaleta ukali wa viungo. Hamira inaleta matunda. Mimi nachora mstari katikati ya ukurasa: kushoto ya pipa, kulia ya nafaka na hamira. Chupa nyingi za prufu kubwa zinajaza upande wa kushoto na kuacha wa kulia mtupu. Zinaweza kuwa tamu, ila sizipi alama za juu, kwa sababu ninachokunywa hapo ni mbao.

Sasa maji. Barafu iweke kando, hiyo inapunguza nguvu na kupoza kwa wakati mmoja, na baridi inazifunga harufu. Tafuta sirinji ndogo isiyo na sindano. Panga glasi tatu, kila moja mililita 10 za chupa yako. Ya kwanza usiiguse. Ya pili tia mililita 1 ya maji, itashuka hadi asilimia 56 na kitu. Ya tatu tia mililita 2.5, inafika karibu na 50. Maji yawe ya joto la chumbani na yasiyo na harufu. Subiri dakika tano, anza na ile dhaifu ukipanda kwenda kwenye kali. Ukianza na kali ulimi utakuwa umeshalala.

Hofu ya kuiharibu itoe moyoni. Bourbon karibu zote zinatiwa maji kabla ya kujazwa. Sheria inaruhusu kushuka hadi asilimia 40. Mwaka 2017 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba guaiakoli, kemikali yenye harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji alkoholi ikiwa asilimia 45 hivi au chini yake, na alkoholi ikiwa nyingi guaiakoli hiyo inazama ndani. Kwa hiyo kuna harufu ambazo zimo kwenye chupa yako na hutazifikia bila maji.

Kipimo changu ni hiki: ikifika 50, inasimama au inaanguka? Iliyo nzuri inakuonyesha kitu kipya. Iliyo dhaifu inabaki utamu mwembamba na uchungu wa tanini za mbao, na hapo unajua nguvu ndiyo iliyokuwa inaifunika.

Ghala_la_Juu

Nakubaliana na Bi_Matone kwenye pua na kwenye glasi tatu. Ninapotofautiana naye ni kuanza na maji. Kizibo, jipe siku tatu za bila maji kwanza, fundo dogodogo. Ulimi unajifunza haraka kuliko tunavyodhani. Mimi usiku wa tatu ndipo nilipoanza kuonja matunda kwenye chupa ya kwanza ya asilimia 60 niliyowahi kufungua.

Halafu jambo ambalo halijatajwa: namba 124.6 haikwambii ubora, inakwambia historia ya pipa. Sheria hairuhusu bourbon kuingia pipani ikiwa juu ya prufu 125. Kwenye maghala marefu ya Kentucky ghorofa za juu ni za joto na kavu, maji yanapotea kupitia mbao haraka kuliko alkoholi, na prufu inapanda mwaka hadi mwaka. Chini kwenye ubaridi inaweza kushuka. Kuna mapipa yanayovuka prufu 140, na kwa kuwa hiyo ni zaidi ya asilimia 70, chupa yake hairuhusiwi kwenye mizigo ya ndege. Watu wanazikimbilia kwa namba hiyo tu, jambo ambalo linanisikitisha.

Linganisha na viwanda vinavyoingiza pipani kwa nguvu ndogo. Maker's Mark wanaingiza kwa prufu 110, Wild Turkey kwa 115. Ndiyo maana Rare Breed ya Wild Turkey, ambayo nayo haitiwi maji, inatoka na prufu 116.8. Wanatumia mapipa mengi zaidi kwa kiasi kilekile cha pombe, na hiyo ni gharama, lakini ndani ya pipa kuna maji mengi zaidi, na maji ndiyo yanayovuta sukari za mbao. Mimi ningemshauri shemeji aonje moja ya hizo kando ya hii, lebo zikiwa zimefichwa, kabla hajatoa pesa ya chupa ya pili.

Mzee_Kinu

Usioshe glasi usiku. Ifunike kwa kisahani, uinuse asubuhi kabla ya kahawa. Alkoholi imeondoka, iliyobaki ni kazi ya pipa na nafaka. Ikinuka sukari iliyoungua na vanila, mapipa yalichaguliwa vizuri. Ikinuka ubao uliolowa, basi.

Kizibo

Dada Bi_Matone, wakuu, asanteni sana. Nimerudi na daftari.

Nimefanya yote mawili: jioni tatu bila maji, leo glasi tatu. Dakika 15 za kusubiri zimebadilisha karibu kila kitu. Rangi ya kucha iliondoka kwenye dakika ya 20. Nyuma yake kuna vanila nzito, karafuu, na kitu kama ngozi mpya ya kiatu. Mdomoni, jioni ya tatu, moto ulikuja ukapita, halafu nikaonja cheri. Nilikaa na hiyo cheri muda mrefu. Ghala_la_Juu, umenifaa sana kunizuia na maji mapema, nisingeamini kwamba ulimi ule uliokufa ganzi ungefika huko.

Kwenye mililita 1 ya maji ndipo ilipo bora. Cheri inakuja mbele, nazi inatokea ambayo sikuipata kabisa kwenye glasi ya kwanza, na ladha inabaki kooni baada ya moto kuisha. Kwenye 50 ikaanguka, dada. Utamu ukawa mwembamba, na ule uchungu wa mbao niliouonja siku ya barafu ukarudi. Niliirudia mara mbili kwa kuwa sikutaka iwe hivyo. Jibu likawa lilelile. Upande wa kulia wa mstari nina neno moja tu, cheri. Kushoto yapo tisa.

Glasi tupu asubuhi: sukari iliyoungua, na ubao mkavu kwa mbali. Haukulowa, Mzee.

Nimemwandikia shemeji hivi: "Ina pipa zuri na nafaka kidogo. Subiri dakika 20, tia maji sehemu moja kwa kumi, usizidishe hapo. Kama unaipenda hivyo, hii moja inatosha. Chupa ya pili chukua ya prufu ndogo tuilinganishe nayo." Amejibu kwamba atakuja nayo Jumamosi, lebo ikiwa imefungwa kwa karatasi.