Mwenyekiti wetu amefariki, benki inataka sahihi yake. Msichague benki ya shirika kama tulivyochagua sisi

Wakuu, salaam kwenu. Kwa kawaida mimi ni msomaji tu humu, lakini leo nimeshindwa kunyamaza.

Ni mhazini wa shirika dogo lisilo la faida. Kazi yetu ni moja: kuwabeba wagonjwa wa figo wasio na nauli, kuwapeleka kusafishwa damu na kuwarudisha nyumbani. Wengi wao huenda mara 3 kwa wiki, wiki zote za mwaka. Gari lisipofika, maji na sumu vinabaki mwilini, na mgonjwa anaanza kuvimba na kukosa pumzi. Natanguliza hilo ili asije mtu akaniambia kwamba kusubiri benki siku mbili tatu si jambo kubwa. Sisi tumesubiri siku 53.

Mwenyekiti wetu alifariki ghafla. Akaunti ilikuwa na watia sahihi watatu: yeye, katibu na mimi. Tukazika, tukakaa kikao cha dharura kama katiba yetu inavyotaka, tukamchagua mwenyekiti mpya, tukaandika muhtasari na azimio la bodi. Siku iliyofuata nikaenda tawini na bahasha yenye kila kitu: cheti cha kifo, muhtasari uliogongwa mhuri, nakala ya katiba, cheti cha usajili, vitambulisho na picha.

Kijana wa dawatini akapokea, akapekua, akanisogezea fomu ya kubadilisha watia sahihi. Kisha akaweka kidole kwenye kisanduku cha chini: sahihi ya mtia sahihi anayeondoka. Nikamwambia anayeondoka ndiye huyu, nikamwonyesha cheti cha kifo kilicholala mbele yake. Akanijibu, kwa adabu kabisa, kwamba bila sahihi ile mfumo hauwezi kupokea ombi. Nikauliza mara ya pili nikidhani hakunielewa. Alikuwa amenielewa vizuri sana.

Hapo ndipo nilipojua tulichokuwa tumesaini siku ya kufungua akaunti. Fomu yao ya maelekezo ya akaunti ilisema kila malipo yawe na sahihi ya mwenyekiti PAMOJA NA mmoja kati ya wawili waliobaki. Mwenyekiti lazima. Tulisaini hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuja imechapwa, na afisa aliyetufungulia alisema mashirika yote huweka hivyo. Kumbe tungeweza kuandika "wawili wowote kati ya watatu" na hakuna ambaye angetukatalia. Maneno hayo matano yangeyaweka magari yetu barabarani. Katibu na mimi tungeendelea kulipa mafuta na mishahara huku benki ikihangaika na karatasi zake kwa muda wake. Kosa la kutosoma ni letu, nalikubali. Lakini afisa wa benki anayeijua fomu yake, anayejua pia kwamba viongozi wa mashirika hubadilika kila baada ya muda kwa uchaguzi, kwa kustaafu na kwa kifo, anamwachaje mteja asaini kitu cha namna ile bila kumweleza?

Baada ya wiki moja faili likapelekwa makao makuu, kitengo cha sheria. Kutoka huko maswali yakaanza kuja kwa matone. Kwanza wakataka barua ya msajili inayowatambua viongozi wapya. Tukaileta. Wakasema jina la shirika kwenye barua limeandikwa kirefu, kwenye akaunti limefupishwa, kwa hiyo tulete barua nyingine ya kuthibitisha kwamba ni shirika lile lile. Tukaileta. Wakataka vitambulisho na uthibitisho wa makazi wa wajumbe wote 9 wa bodi, hata wasiogusa akaunti. Kila walichotaka kilikuja peke yake, baada ya kile cha kwanza kukamilika, na kila mara siku zikaanza kuhesabiwa upya. Kama mnataka karatasi 7, semeni karatasi 7 siku ya kwanza!

Halafu ikaja fomu ya wamiliki. Wanataka majina ya watu wanaomiliki asilimia 25 au zaidi ya "kampuni". Nikaeleza kwamba hatuna wamiliki. Hakuna hisa, hakuna gawio. Shirika likivunjwa leo, mali yake inakwenda kwa shirika lingine lenye malengo kama yetu, imeandikwa kwenye katiba ambayo wao wenyewe wanayo kwenye faili. Dada wa benki aliyeleta fomu hiyo akasema kisanduku hakiwezi kuachwa wazi, basi aandike jina langu, asilimia 100, ili tusonge mbele. Nikakataa. Angenifanya mmiliki wa fedha za wagonjwa kwa kubofya mara moja, kwenye kumbukumbu ambayo kesho mamlaka ya kodi au mfadhili anaweza kuisoma! Ilinichukua siku 4 na barua mbili kuwafanya wakubali kwamba pale ambapo hakuna mwenye hisa, wanaoandikwa ni wale wanaosimamia shirika, yaani viongozi, na wanaandikwa hivyo, kama wasimamizi. Na hii ni benki ambayo kwenye tangazo lake inasema ina akaunti maalumu kwa ajili ya mashirika ya kijamii.

Wakati huo wote ada ya mwezi ya kuendesha akaunti ilikatwa kwa tarehe yake. Ada ya ujumbe mfupi nayo ikakatwa. Hayo hayakusubiri sahihi ya mtu. Madereva wetu wawili walikopa mafuta kwa majina yao. Wagonjwa watatu walikosa gari kwa wiki nzima kabla hatujachangishana sisi wajumbe. Mmoja alilazwa. Sitaeleza zaidi, familia yake haijaniruhusu.

Katikati ya zogo hilo ikaingia fedha ya mfadhili kutoka nje. Ikazuiliwa na kitengo cha uzingatiaji, kile kinachohakikisha benki inafuata sheria. Sina ugomvi na benki kuuliza fedha imetoka wapi, ni wajibu wao, na tuliwapa mkataba wa ufadhili siku hiyo hiyo. Lakini wakadai orodha ya wanufaika kwa majina. Majina ya wagonjwa! Nikauliza ni kanuni ipi. Nikaambiwa mashirika yasiyo ya faida yako kwenye kundi la hatari kubwa, "ndivyo kanuni za kimataifa zinavyosema".

Hazisemi hivyo, na nawaomba mlishike hili kwa sababu mtaambiwa maneno yale yale. Chombo kinachoweka viwango vya dunia dhidi ya utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi kinaitwa FATF. Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba kule Marekani, kilitoa pendekezo lililoyataja mashirika yetu kuwa hatarini zaidi kutumiwa na magaidi, na benki nyingi zikajifunza wimbo huo. Lakini Juni 2016 FATF yenyewe iliyaondoa maneno hayo, na Novemba 2023 ikalirekebisha tena pendekezo hilo, la 8, kusisitiza kwamba hatua zilenge yale mashirika machache yenye hatari iliyothibitika, zilingane na hatari hiyo, na zisivuruge kazi halali. Nilichapisha kurasa hizo nikampelekea meneja. Suala la majina likaisha kimyakimya, bila hata neno la samahani.

Fedha ilipoachiwa, walikuwa wameshaibadilisha kuwa fedha ya hapa, kwa kiwango chao, bila kutuuliza. Mkataba wa mfadhili unatutaka tubadilishe kadiri tunavyotumia na tuonyeshe kiwango cha kila siku tuliyobadilisha. Zaidi ya hapo ilifika pungufu. Kumbe mfadhili alituma kwa utaratibu wa SHA, yaani makato yanagawanywa, kwa hiyo benki ya katikati, ile ambayo fedha ilipitia, ilikata chake na yetu ikakata chake. Angetuma kwa OUR, makato yangekuwa upande wake. Hilo la SHA na OUR lilipaswa kusemwa na afisa wa benki siku tulipomwambia tunatarajia fedha za nje. Sasa mkaguzi wa hesabu anataka maelezo ya pengo hilo, na pesa ya mradi haina kifungu cha kulipia makato ya benki, kwa hiyo inabidi litoke kwenye akiba yetu ndogo.

Nataka niseme jinsi tulivyoichagua benki hii, kwa sababu najua wengi wenu mnachagua hivyo hivyo. Tawi liko karibu na ofisi. Kitabu cha hundi cha kwanza bure. Hakuna kiwango cha chini cha salio. Meneja alikuja kwenye mkutano wetu mkuu, akaongea vizuri, akapigiwa makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kinachotokea kiongozi akitoka. Meneja yule alihamishwa miezi 8 baadaye, na aliyekuja hakuwahi kusikia habari zetu.

Safari hii nimezunguka benki nne na daftari. Swali la kwanza ninalouliza ni hilo: mtia sahihi akifa leo, mnataka karatasi gani na mnachukua siku ngapi? Nataka jibu kwa maandishi. Benki mbili zilishindwa kujibu, moja ikaniambia nirudi siku nyingine kwa sababu meneja hayupo. Ya nne ilinitolea karatasi moja iliyochapwa, yenye orodha yote, na afisa akanieleza kwamba watia sahihi waliobaki wanaendelea kulipa mradi idadi yao inatosha kwa maelekezo ya akaunti. Nilikaribia kulia pale kwenye kiti.

Swali la pili ni malipo ya mtandaoni. Benki yetu ya sasa hundi inataka sahihi mbili, lakini kwenye intaneti walitupa neno la siri moja na kifaa kimoja cha kutoa namba, kwa mtu mmoja, anayeweza kuandaa malipo na kuyaidhinisha yeye mwenyewe. Azimio la bodi linasema wawili, mfumo unasema mmoja. Hilo ni tundu la wizi, na mhazini ndiye atakayelaumiwa hata kama hakuiba. Ombeni mfumo ambao mmoja anaandaa, mwingine anaidhinisha, na mhasibu ana ruhusa ya kuangalia tu. Msikubali waseme "tutaweka baadaye".

Mengine ni akaunti ya fedha za kigeni isiyobadilishwa mpaka muagize, na akaunti ndogo kwa kila mfadhili ili fedha zisichanganyike. Ada naiuliza mwisho kabisa. Zamani ndiyo ilikuwa swali letu la kwanza.

Akaunti yetu ya zamani iliruhusiwa kulipa tena wiki iliyopita. Hakuna aliyetupigia simu, niligundua mwenyewe malipo yalipopita. Nimewaandikia malalamiko rasmi na nakala nimepeleka kwa mdhibiti wa mabenki, nina barua iliyopokelewa kwa mhuri na tarehe.

Sasa tunahama, na hapa naomba msaada wa waliowahi kuhama. Tuna mikataba mitatu ya ufadhili iliyotaja namba ya akaunti ya zamani, na awamu moja inaingia ndani ya wiki sita. Je, mlisubiri kila mfadhili akubali akaunti mpya kwa maandishi kabla ya kufunga ya zamani, au mliziendesha zote mbili kwa pamoja kwa muda? Na mkaguzi wenu alitaka barua ya uthibitisho wa salio kutoka benki zote mbili? Benki yetu imeshaniambia barua hiyo inaombwa kwa fomu yenye sahihi za watia sahihi walioko kwenye mfumo, na jana nilipochapisha taarifa ya akaunti, jina la marehemu bado liko pale juu.