Naomba ushauri: banjo ya baba mkwe imenishinda kasi

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Kentucky, Marekani, kwao mke wangu. Ukoo wao una bendi ya kizamani ya bluegrass, muziki wa nyuzi wa mashambani huku Marekani: fidla, mandolini, gitaa, besi ya kusimama na banjo, wote wamezunguka maikrofoni moja, ngoma hakuna. Baba mkwe ndiye aliyekuwa mpiga banjo. Alipofariki, banjo ikaniangukia mimi, eti kwa kuwa nyumbani nilipiga gitaa la dansi.

Mtindo wao ni wa vidole vitatu, ule uliovuma baada ya mpiga banjo Earl Scruggs kujiunga na bendi ya bluegrass ya Bill Monroe mwaka 1945. Unavaa kucha ya plastiki kwenye gumba, na za chuma kwenye shahada na kidole cha kati. Polepole napiga vizuri. Wakikaza mwendo, gumba linachelewa kwenye uzi wa tano, ule mfupi, na wimbo unazama kwenye kelele za kucha. Shemeji ananitazama tu, hasemi kitu. Bora angefoka.

Nimefanya mazoezi na metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, miezi minne, nimelegeza kucha, nimebadilisha nyuzi. Wapi!

Mnaojua banjo: niendelee kupandisha kasi kidogo kidogo, au nianze upya mkono wa kulia? Na nikiingiza vionjo vya dansi zamu yangu ikifika, wazee wataona nimewavunjia heshima? Tunapiga mwezi ujao, ukoo mzima utakuwepo.