Blowa ya theluji ya nyuma ya trekta: inakata bolti kila mara na shingo inaziba, naomba msaada wenu

Mgeni wa Theluji

Wakuu habari za majukumu. Nimekabidhiwa trekta la hospawa 45 lenye blowa ya theluji nyuma, ile ambayo unarudi rivasi inakula theluji na kuirusha pembeni, inazungushwa na PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu ya injini) ya mizunguko 540 kwa dakika. Trekta lenyewe nalijua vizuri, nimelima nalo na kuvuta trela sana tu, ila blowa ndo naanza nayo na kitabu chake hakipo. Barabara ninayosafisha ni ya changarawe.

Shida ni tatu. Kwanza inakata sana zile bolti ndogo za kwenye parafujo, ile skrubu kubwa inayokusanya theluji. Jamaa ninayefanya naye kazi anasema niweke bolti ngumu nisahau habari ya kubadilisha. Pili shingo ya kutolea theluji inaziba, hasa siku theluji ikiwa na maji maji, na huyo huyo jamaa huwa anazima PTO tu, anaacha injini inaunguruma, anashuka anazibua kwa mkono. Mimi roho inakataa kabisa lakini nikimwambia ananiuliza tatizo liko wapi wakati feni, ile inayorusha theluji kwenye shingo, imesimama. Tatu nikiinua blowa juu huku PTO inazunguka shafti inagonga ta ta ta ta mpaka siti inatetemeka. Naomba kueleweshwa.

fundi_krosi

Mkuu usiweke bolti ngumu, nakuomba sana. Hiyo bolti imewekwa hapo ili ikatike. Parafujo ikikamata jiwe au kipande cha barafu nguvu yote ya trekta inabidi iishie mahali, sasa bolti laini ikikatika umepoteza kitu kidogo na dakika chache, ukiweka ngumu nguvu inarudi kwenye giaboksi, krosi (viungo vinavyojikunja vya shafti) na shafti, na hapo ndo unasikia meno ya giaboksi yamepukutika au shafti imejikunja ikiwa kwenye mzunguko na wewe umekaa mbele yake umeigeuzia shingo yako.

Angalia kichwa cha bolti ulizonazo. Za inchi zina mistari kichwani, isiyo na mstari ni gredi 2, mistari mitatu gredi 5, mistari sita gredi 8. Za milimita zimeandikwa namba 8.8, 10.9, 12.9, namba ikipanda ujue ugumu unapanda. Gredi 8 au 10.9 kwenye hiyo sehemu sahau, labda mtengenezaji mwenyewe awe ameandika hivyo. Kwenye fremu kuna kibati chenye modeli na namba ya mashine, kisugue na brashi ya waya ukisome, ukishapata modeli tafuta kitabu chake mtandaoni, vingi vipo, humo utakuta saizi na gredi kamili. Ukipata nunua za kutosha, weka kwenye kikopo ndani ya trekta pamoja na nati zake, spana mbili na panchi ya kutolea kipande kilichobaki ndani.

Ila mimi nakuuliza kwa nini zinakatika kila mara? Kawaida haitakiwi. Fungua bolti (injini imezimwa na ufunguo umeutoa) halafu jaribu kuzungusha parafujo juu ya ekseli yake. Inatakiwa izunguke peke yake bila ekseli. Kama imeshikwa na kutu haizunguki basi una hatari nyingine kubwa zaidi, maana hata bolti ikikatika parafujo haiachii, ulinzi haupo tena. Piga grisi kwenye nipo yake (kichuchu cha kuingizia grisi) huku unazungusha mpaka grisi chafu itoke. Angalia na matundu ya bolti, yakishatanuka yakawa na umbo la yai bolti inacheza inapigwa nyundo muda wote, itakatika hata kwenye theluji laini. Dawa ni kujaza kwa welding na kutoboa upya saizi sahihi, kuweka bolti nene zaidi hapana.

Na swali la mwisho, PTO unaiwasha injini ikiwa kwenye resi gani? Wengi wanapandisha kwanza kisha wanapiga swichi ya PTO, parafujo inatoka sifuri inarukia mwendo kamili kwa mshtuko, bolti inaenda. Washa PTO injini ikiwa chini, karibu na sailensa (resi ya chini kabisa), ikishashika pandisha taratibu mpaka kwenye alama ya 540.

Mama Trekta

Kaka mimi nimesoma hapo kwenye kuzibua kwa mkono nikaacha nilichokuwa nafanya. Mwambie huyo mwenzako aache leo hii.

Utaratibu ni mmoja na haubadiliki hata uwe na haraka gani. Zima PTO, shusha blowa mpaka chini kabisa, vuta hendibreki, zima injini, toa ufunguo tia mfukoni mwako, halafu subiri. Usishuke mpaka umeona kwa macho yako kwamba kila kitu kimesimama. Feni ni nzito na inaendelea kuzunguka baada ya PTO kuzimwa, na kule ndani ya shingo huioni. Baada ya hapo chukua mti au kijiti maalum cha plastiki uzibue nacho, mkono usiingie kamwe. Hata injini ikiwa imezimwa mkono usiingie, kwa sababu theluji ikijibana kati ya feni na ganda lake shafti inabaki imejikaza, ukitoa lile donge feni inaweza kuruka kidogo kwa ghafla, na hicho kidogo kinatosha kukata vidole.

Na ufunguo mfukoni sio mapambo, ni ili mtu mwingine asije akapanda akawasha wakati wewe uko nyuma umeinama. Usitegemee pia ile swichi ya siti inayozima ukinyanyuka, nyingi zimechakaa na nyingine watu wamezifunga waya.

Sasa kuhusu kuziba kwenyewe. Theluji ikiwa karibu na nyuzi sifuri ina maji ndani, inanata. Watu wengi wakiona inaanza kuziba wanapunguza resi, hapo ndo wanaimaliza kabisa maana feni ikipungua mwendo haina nguvu ya kutupa. Fanya kinyume, resi ibaki kamili kwenye 540, punguza mwendo wa trekta kwa gia, nenda gia ya chini kabisa. Ikishindwa bado kula nusu ya upana wa blowa badala ya upana mzima. Halafu angalia ndani ya shingo, kama rangi imetoka na kuna kutu theluji inashika pale pale kwenye kutu. Sugua, piga rangi, ikikauka paka nta au spirei ya silikoni kabla ya kutoka, utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Dereva Mkongwe

Mimi sibishani na dada hapo juu ila nadhani tunatishana mno. Nimefanya miaka mingi, PTO ikishazimwa imezimwa, injini kuwaka haina uhusiano. Na siku ya baridi kali kila ukizima dizeli unaweza kushindwa kuwasha tena, betri inachoka.

fundi_krosi

Mzee wangu shikamoo, kwa heshima zote, hilo la PTO kuzimwa sio kweli kwa matrekta yote. Nyingi za siku hizi zina klachi ya PTO inayoogelea kwenye oili. Oili ikiwa ya baridi inakuwa nzito kama asali, zile sahani za klachi zinaburutana na PTO inaweza kuzunguka polepole hata ukiwa umezima swichi. Nimeliona hili kwa macho yangu, shafti inajizungusha taratibu na swichi iko ofu. Baadhi zina breki ya kuizuia lakini breki nayo inachakaa. Mtu ameweka mkono kwenye feni, donge linatoka, feni inapata uhuru, inazunguka. Ndo maana injini izimwe.

Suala la kuwasha lina dawa yake. Betri nzuri, dizeli ya msimu wa baridi maana ile ya kiangazi inaganda nta na kuziba filta, na hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme usiku. Trekta likishapata moto halikatai kuwaka ndani ya dakika tano za kuzibua shingo.

Dereva Mkongwe

Marahaba. Hilo la oili kuburuta nimelielewa, hata langu asubuhi linafanya hivyo na sikuwahi kulihusisha. Nimekubali, ufunguo nitakuwa natoa.

shambani_tu

Naona shafti inayogonga haijaguswa bado. Mgeni hiyo ni pembe. Krosi za kawaida hazipendi kukunjwa sana zikiwa kwenye mzunguko, ukiinua blowa juu pembe inakuwa kali, shafti inaanza kwenda haraka-polepole-haraka ndani ya mzunguko mmoja na ndo huo mgongano unaousikia. Ukiendelea utapasua krosi. Inua kiasi tu cha kutogusa ardhi, kama unataka kuinua sana kuvuka kitu zima PTO kwanza. Kwenye lever ya haidroliki kuna kistopa, kifunge mahali ambapo haigongi ili hata ukisahau usipitilize.

Pima na urefu. Shafti ni bomba mbili zinazoingiliana, ikiwa kwenye kazi ziwe zimeingiliana angalau theluthi moja ya urefu, na ukiinua au kushusha zisifikie kugota mwisho, zikigota zinasukuma giaboksi ya blowa na bearing ya PTO ya trekta. Ipandishe na kuishusha taratibu PTO ikiwa imezimwa, mwenzako aangalie kwa mbali, asisimame kati ya trekta na blowa.

Kava la plastiki la shafti lipo? Limepasuka? Minyororo yake miwili midogo imefungwa? Kava linatakiwa lisimame wakati shafti inazunguka ndani. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde moja, sasa fikiria ncha ya skafu au kamba ya koti la baridi ikishikwa, hakuna mwanadamu wa kujinasua kwa sekunde moja. Wakati wa baridi tumevaa manguo mengi yanayoning'inia, kwa hiyo skafu acha nyumbani, kamba za kofia ya koti ingiza ndani, na shafti usiivuke kwa miguu hata kama ndo njia fupi, zunguka trekta lote.

Grisi za krosi vitabu vingi vinasema kila masaa 8 ya kazi. Usisahau na zile bomba zinazoingiliana, zikikauka zikaganda haziteleziki. Oili ya giaboksi angalia kwenye bolti yake ya kupimia, nyingi zinatumia 80W-90.

Uzito nao. Blowa ni nzito na iko nyuma, ukiinua tairi za mbele zinakuwa nyepesi, kwenye barafu usukani haukusikii. Ekseli ya mbele ibaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta, ongeza mawe ya chuma ya mbele. Kwenye mteremko panda na kushuka moja kwa moja, usikate ubavu. Fremu ya ulinzi iwe imesimama na mkanda umefungwa.

Mama Trekta

Niongezee la changarawe maana bolti zako nyingi nahisi zinakatikia huko. Viatu vya pembeni vya blowa (vile vyuma vinavyoteleza ardhini) vishushe ili bladi ya chini ikae sentimita 2 au 3 juu ya ardhi. Utaacha theluji kidogo, iache, itashindiliwa na tairi iwe ngumu kama sakafu na ukishakuwa na hiyo sakafu ndo unaweza kushusha blowa kidogo. Msimu ukianza na ardhi haijaganda bado usiing'ang'anie.

Na kokoto zikipita kwenye feni zinatoka kama risasi. Shingo isielekee kwa mtu, dirisha, gari wala zizi hata mara moja, na ukifika karibu na nyumba igeuze mapema kabla hujafika. Mtoto akitokea popote unapomuona, zima. Theluji zinavutia watoto na wanapenda kuja kuangalia inavyoruka, kwa hiyo kabla ya kuanza waambie watu wa nyumbani na ujue kila mmoja yuko wapi. Ukirudi rivasi unageuza shingo yako muda wote unachoka, na ukichoka unaacha kuangalia, pumzika.

Kingine kabla theluji haijaanguka pita kwa miguu, okota mawe, mipira ya maji, minyororo ya mbwa, mikeka ya mlangoni, halafu simamisha fito za rangi kali pembezoni mwa barabara na penye kifuniko cha kisima. Ikishaanguka huoni tena kitu.

Mgeni wa Theluji

Wakuu nashukuru mno. Nimerudi na majibu. Nimefungua bolti, parafujo upande wa kulia ilikuwa imeshikwa kabisa na kutu, nimepiga grisi na mafuta ya kupenyeza na kuizungusha na bomba refu mpaka ikaachia, leo inazunguka kwa mkono. Matundu ya upande huo yametanuka kama alivyosema fundi, yanaenda kuchomelewa. Viatu vilikuwa vimepandishwa juu kabisa, bladi ilikuwa inakwangua ardhi. Kava la shafti lina ufa, nimeagiza jipya na sitoki mpaka lifike. Mwenzangu nimemsomea sehemu ya oili ya baridi, amenyamaza, kisha akauliza kijiti cha kuzibulia kiko wapi, nimekifunga kwenye fremu ya kiti.

Swali la mwisho, asubuhi nikikuta feni imegandia ndani nifanyeje?

fundi_krosi

Kwanza zuia isigande. Ukimaliza kazi iache izunguke tupu dakika chache itoe theluji yote, zima, kisha ishushe juu ya mbao mbili ili viatu visigandie chini. Asubuhi kabla ya kuwasha injini isukume parafujo na mti, bolti zikiwepo inabeba na feni kidogo, ukiona ina ule mchezo mdogo iko huru. Kama haisogei usijaribu kuitoa kwa PTO, utakata bolti au mkanda kama blowa yako ni ya mkanda. Iingize bandani barafu iyeyuke yenyewe au elekezea hita, ila injini izimwe mara tu ukishaingia, moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina harufu wala rangi na banda lililofungwa linajaa haraka. Ikishayeyuka futa maji yaliyotuama chini ya feni kabla hujaitoa nje tena, la sivyo yataganda palepale.