Tupeane uzoefu: mlipangaje vitu vyenu katika chumba kidogo cha chuo?

Mwanzilishi wa mada, Bukavu (Ibanda)

Ndugu zangu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, nawasalimu nyote. Mdogo wangu wa kike anaanza chuo kikuu mwaka huu, na chumba tulichompatia, atakachokaa na wasichana wenzake wawili, nimekipima mwenyewe: mita 3 kwa mita 3 na nusu, dirisha moja, na mlango unaofungukia ndani. Mama yetu kwa upande wake anaendelea kuandaa mzigo: valizi mbili, godoro, ndoo tatu, sufuria za kila ukubwa, pasi ya makaa na mfuko wa unga wa muhogo. Nikimwomba apunguze, ananijibu kwamba mtoto hapelekwi ugenini mikono mitupu, nami nakosa la kusema kwa sababu naelewa anachokitetea. Kwa hiyo naomba kila aliyewahi kuishi katika chumba cha namna hii aeleze alivyopanga vitu vyake, kilichomsaidia na kilichomtesa.

Nianze na yangu. Tulikuwa wanne, vitanda viwili, tukilala wawili wawili. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuigeuza sakafu kuwa ghala: kila mmoja alitua mzigo pale alipoingilia, na baada ya juma moja ilibaki njia nyembamba kutoka kitandani hadi mlangoni, ambayo tuliipita kwa kupishana. Mwenzetu mmoja, mtoto wa seremala, alileta matofali 16 ya kuchoma, tukaweka mawili chini ya kila mguu wa kitanda. Valizi zilizokuwa zikikwama uvunguni zikaanza kuingia na kutoka bila shida, zile za kila siku zikikaa ukingoni na zile za nguo za sherehe zikisukumwa nyuma kabisa. Usiku huohuo tuliketi tukagawana kuta. Ukuta wa dirisha tuliuacha uwe wa wote, kwa vitabu na taa, ili anayesoma usiku asilazimike kumwamsha mtu. Matofali yalisaidia, lakini mazungumzo yale ya kugawana kuta ndiyo yaliyotuwezesha kumaliza mwaka bila ugomvi, na tangu hapo naamini kwamba chumba cha watu kadhaa hakiwezi kupangwa na mtu mmoja.

Mchangiaji wa Goma (Mabanga)

Kaka, langu linahusu karatasi. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, nilikuwa mwanafunzi, nikikaa na rafiki yangu katika chumba cha mbao. Mbingu ya upande wa mlima iliwaka wekundu na watu wakaanza kujaa barabarani. Mwenzangu alinyanyua begi moja dogo lililoning'inia kwenye msumari karibu na mlango, akawa tayari. Mimi nilikuwa bado natafuta. Diploma yangu ya serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari, ilikuwa ndani ya daftari, daftari ndani ya mfuko wa nguo, na mfuko ulikuwa chini ya vitu vyote tulivyokuwa tumevirundika ili chumba kionekane safi. Nilimwaga kila kitu sakafuni nikimulika kwa tochi ya simu, na muda wote huo yeye alisimama mlangoni akinisubiri, ilhali jirani zetu walikwisha ondoka. Lava haikufika kwetu, lakini kule kumfanya anisubiri kunaniuma hadi leo.

Tarehe 27 Mei, alfajiri, ilipotolewa amri ya kuhamisha mitaa 10 kati ya 18 ya mji, na mtaa wetu ukiwemo, begi langu nalo lilikuwa kwenye msumari. Tulishika njia ya Sake pamoja na maelfu ya watu, na sikuhitaji kurudi nyuma hata mara moja. Ndani yake mlikuwa na diploma, kadi ya mchaguzi ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, flashi yenye kazi zangu za shule, chaja ya simu na nguo moja ya kubadilisha, karatasi zote zikiwa ndani ya sashe (mifuko ya plastiki) mbili zilizofungwa vizuri. Mdogo wako yuko Bukavu, najua, lakini mvua inayoporomosha udongo na moto wa nyumba za mbao havimpi mtu muda wa kutafuta. Chumba kinaweza kuonekana safi sana huku kila kitu cha maana kikiwa kimezikwa chini. Nami naomba msumari wa karibu na mlango uhesabiwe kabla ya rafu yoyote.

Mchangiaji wa Bukavu (Kadutu)

Kwetu adui ni unyevu. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua haitupi nafasi, na nyumba nyingi zimechimbiwa kwenye mteremko, ukuta wa nyuma ukigusana na udongo. Mwaka wangu wa kwanza nilisukuma sanduku la nguo hadi likagusana na ukuta huo kabisa. Nilipolifungua kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu, koti la marehemu baba lilikuwa limeota ukungu kuanzia kola hadi mfukoni, na harufu haikutoka hata nilipolifua mara tatu. Tanguliza ubao chini ya sanduku, acha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, weka vipande vya makala (makaa) ndani ya soksi kuukuu katikati ya nguo, kisha uvianike kila jua linapopatikana. Viatu vya ngozi visifungiwe kamwe ndani ya sashe.

Mchangiaji wa Lubumbashi, mkaaji wa zamani wa home (bweni la wanafunzi)

Huku kwetu ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba hakunyeshi, na ule udongo mwekundu unaingia hata dirisha likiwa limefungwa, kwa hiyo nguo zote zilizoning'inia tulizifunika kwa kitenge kimoja kipana, ambacho kilifuliwa kila Jumamosi badala ya kufua nguo zenyewe. Blanketi nzito, ambazo huhitajika Juni na Julai na kujaza nusu ya sanduku miezi iliyobaki, tulizitandika chini ya shuka zikawa sehemu ya godoro.

Ninalotaka kulisema zaidi ni hili. Chumba chetu kiliandikiwa watu wawili, nasi tulilala watano, kwa sababu watatu hawakupata nafasi. Katika lugha ya kampasi wanaitwa maquisards. Mmoja wao alihifadhi vitu vyake vyote katika gunia la mchele. Kila asubuhi kabla ya saa 12 alikunja mkeka wake, akausimamisha nyuma ya kabati, akalibeba gunia na kutafuta pembe ambayo haitamkera mtu. Alifanya hivyo karibu mwezi mzima, na sisi tulidhani ni adabu yake tu. Siku moja nililikuta gunia lile koridoni, limelowa maji ya usafi, na madaftari yake ya anatomia yamevimba. Jioni tulikubaliana kwamba kila anayelala humo, aliyeandikwa na asiyeandikwa, apate misumari miwili na rafu moja. Rafu zilikuwa makasha ya mbao ya sokoni tuliyoyapanga moja juu ya jingine na kuyafunga kwa waya yasianguke. Vitu havikupungua hata kimoja, lakini chumba kilianza kututosha.

Na tafadhali, mbabula (jiko la makaa) isiingie chumbani baridi ikikaza, hata kama moto unaonekana umekwisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makala haionekani wala hainuki, na huwaua watu wakiwa usingizini. Afadhali iibwe huko nje.

Mwanzilishi wa mada

Asanteni sana, na wewe yaya (mkubwa wangu) wa Lubumbashi umenigusa, kwa kuwa nami nilikuwa na mwenzangu wa gunia na sikumwona. Nimebaki na swali la chakula. Mama hataki kusikia lolote kuhusu kupunguza unga.

Mchangiaji wa Bukavu (Bagira)

Mdogo wangu, usimpunguzie mama, mpe namba za mama wenzake. Tulikuwa wasichana watatu, na kila mmoja alifika na sufuria kubwa, pasi na mfuko wa unga. Mifuko ile mitatu ilikaa wazi pembeni kwa sababu hatukuwa na pa kuimimina; panya walitoboa mmoja, na wa pili ukaingia wadudu kabla hatujaugusa. Muhula uliofuata mama zetu waliongea wao kwa wao kabla ya kufunga mizigo. Mmoja alitoa unga, akauweka katika ndoo yenye kifuniko cha kubana, mwingine akaleta sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) zilizokaushwa vizuri na mafuta, na wa tatu sufuria mbili zinazoingiana pamoja na pasi. Hakuna mtoto aliyekwenda mikono mitupu. Ndoo ile ya unga, ikiwa imefunikwa na kutandikwa kitambaa, ndiyo niliyokalia nikisoma mwaka mzima.

Mwanzilishi wa mada

Nimerudi kuwapa habari. Mama wa wasichana wote watatu wamezungumza jana kwa karibu saa nzima. Kwetu zinatoka pasi, ndoo moja na unga. Valizi ya pili imerudi juu ya kabati la mama, naye mtoto atabadilisha nguo akija likizo. Matofali nimeyapata, na leo asubuhi nimepigilia msumari karibu na mlango, upande ambao mlango ukifunguka hauufichi. Mama alipoona begi nimelitundika, aliuliza ni la nini, nikamweleza habari ya Goma. Alinyamaza kidogo, akaomba kalamu, akaandika kwenye karatasi namba za simu za wale mama watatu, akaikunja na kuiingiza pamoja na diploma, akisema kwamba simu ya mtoto inaweza kuzimika.