Yule wa beseni amerudia tena, na safari hii mbele ya wakwe zangu

Ndugu wana jukwaa, ninaandika jioni hii nikiwa bado nimevaa kanga za shughuli na hasira yangu haijapoa. Sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila aliyewahi kuhudhuria shughuli upande huu wa Ilemela anamjua: ndiye anayeshika mwiko kabla hajaombwa, na akiulizwa jambo hujibu kwa sauti inayosikika hadi Ukerewe.

Sato walinunuliwa alfajiri mwaloni Igombe, wabichi kabisa, macho maangavu na mashavu mekundu. Waliparuliwa magamba, wakatumbuliwa na kuoshwa ndani ya beseni la bluu, kisha wakakaangwa vizuri, hilo simnyimi. Lakini alipowaopoa kwenye mafuta, huku nikimtazama, aliwarudisha ndani ya beseni lile lile, lenye maji ya damu, magamba na vipande vya utumbo. Beseni halikuoshwa kwa sabuni wala kusuuzwa. Maji yale mtu angeweza kufugia kambare.

Nilimwambia kwa heshima, "Shangazi, naomba tubadilishe chombo." Akanijibu mbele ya wakwe zangu kwamba aliyezaliwa ziwani hadhuriwi na samaki, na kwamba mimi huenda nilizaliwa jangwani. Watu wakacheka. Mama mkwe naye akacheka.

Moto wa mafuta uliua vijidudu, yeye akavirudisha kwa mkono wake. Kisha beseni likafunikwa na kuachwa kwenye joto kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, ilhali chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi vijidudu huzaliana kwa kasi. Beseni lile lile! Na mimi ndiye niliyechekwa.

Mkaanga Dagaa: Pole sana, dada. Kutenganisha vibichi na vilivyopikwa ni mojawapo ya kanuni tano ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 2001, na haihitaji fedha, inahitaji sahani ya pili tu. Huyo mama namjua. Kwetu alikoroga mchuzi kwa mwiko aliotoka kugeuzia kuku mbichi.

Mvuvi wa Zamani: Mleta mada, umelieleza beseni mara nyingi lakini hujasema kama ulikula. Mtu mwenye hasira kiasi hiki kwa kawaida ameramba vidole.

Mleta mada: Sikuwagusa. Nilikula ugali na kachumbari, na ninaomba turudi kwenye beseni.

Mvuvi wa Zamani: Na nyanya za hiyo kachumbari zilikatwa kwa kisu gani, juu ya ubao gani? Samaki angalau alipita motoni. Kachumbari haipiti popote.

Binti Kirumba: Swali hilo ni zito kuliko uzi wote. Hata hivyo, shangazi wa beseni ana nafuu. Mimi ninaishi na mtu anayelaza sufuria ya wali mezani usiku kucha na kuupasha asubuhi, akidai kwamba moto unasafisha kila kitu. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka, na sumu wanayoiacha kwenye wali uliolala nje haiondoki kwa kupashwa. Mume wangu aliharisha hadi akashindwa kwenda kazini, na lawama zikaelekezwa kwenye maembe.

Mleta mada: Pole kwa mumeo, lakini jamani, maji ya damu! Mbele ya wakwe!

Mpangaji wa Nyegezi: Wali unautupa tu ukajua moja. Mwenye friza katika nyumba yetu, umeme ukikatika, hulifungua kila baada ya muda ili kuangalia kama nyama ingali imeganda, na kila anapofungua anaitoa baridi yenyewe. Friza lililojaa, likifungwa bila kuguswa, huhifadhi ubaridi kwa takribani saa 48. Likiwa nusu, saa 24. Yeye hafikishi hata jioni. Umeme ukirudi, anagandisha upya sangara aliyekwisha kulegea na kunuka, kisha anatuuzia.

Binti Kirumba: Je, ndiye yule anayeuza pia barafu za juisi za vifuko?

Mpangaji wa Nyegezi: Ndiye huyo huyo. Maji yake hayachemshwi, kwa maelezo kwamba baridi inaua vijidudu, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa kuganda huzuia tu visizaliane, na barafu ikiyeyuka mdomoni mwa mtoto vinaendelea na kazi yao. Wateja wake wakubwa ni wanafunzi wanaopita hapa mchana.

Mkaanga Dagaa: Wanafunzi? Huyo anastahili uzi wake mwenyewe. Ufungue sasa hivi, sote tunahamia huko.